Muulize Fundi: AC ya basi haili gesi

Kaskazi ishaingia, mwili unanata tokea saa moja asubuhi, kwa hiyo sishangai kuwa maswali ya safari hii karibu yote ni ya AC za magari ya abiria. Zamani kwenye zile gari za mbao zenye ubavu wazi nani aliuliza habari ya AC, upepo unaingia bure na vumbi lake. Sasa abiria akipanda Coaster anaangalia juu kwanza kama kitundu kinatoa baridi, ndo anakaa. Haya tuanze.

Assalamu alaikum fundi. Mie nna Coaster mbili nazikodisha kwa wageni wa mahoteli ya Kiwengwa na Paje. Moja kila baada ya wiki tano sita dereva ananambia gesi imekwisha, natoa pesa inajazwa, inakuwa barafu siku chache kisha yale yale. Fundi wake anasema gari kubwa inakula gesi nyingi. Ni kweli? (Mama mwenye Coaster, Kiembesamaki)

Waalaikum salaam bimkubwa. Si kweli, na huyo fundi ama hajui kitu ama anajua sana.

Kinacholiwa ni dizeli. Gesi ya AC hailiwi, inazunguka tu. Kompresa inaisukuma ikiwa moto, inakwenda kwenye kondensa inapozwa inakuwa maji, inapita kwenye draya (kikopo cha kunyonya unyevu), inafika kwenye valvu inapenyezwa kitundu kidogo, inaingia evaporeta juu kule kwenye dari inachukua joto la abiria wako kisha inarudi kwenye kompresa kuanza upya. Ile ile. Nikuambie ukweli wote, kidogo hupotea kwa miaka, manake kompresa ya mkanda ina sili kwenye shafti na mahozi yake ni mpira, kwa hiyo gari ikiomba kuongezwa baada ya miaka miwili mitatu sitokushitua. Wiki tano ni tundu hilo.

Na hasara si pesa ya gesi peke yake. Oili ya kompresa inabebwa na gesi, gesi ikipungua oili hairudi, kompresa inazunguka kavu mpaka siku inajibana, na hapo ndo utalia, kwa sababu ikishajisaga inamwaga chembe za chuma kwenye mfumo mzima na hata ukinunua kompresa nyengine bila ya kusafisha mabomba na kubadilisha draya, nayo inakufa vile vile.

Tundu linatafutwaje? Kwa macho kwanza. Gesi ikitoka inatoka na oili, oili inashika vumbi, kwa hiyo tafuta pahala peusi penye unyevu wa mafuta: viungo vya mabomba, uso wa kompresa nyuma ya klachi, na pembe za kondensa ambazo huku kwetu zinaliwa na chumvi. Kisha povu la sabuni kila kiungo. Kisha ile rangi ya kutia ndani ya mfumo inayong'aa ukiimulika na tochi ya zambarau.

Mie mwenyewe yalinikuta wakati bado nashikia watu spana. Coaster moja niliijaza mara tatu, nikabadilisha o-ringi zote nikajiona bingwa, gari ikarudi. Mara ya nne tukalala chini yake usiku na tochi, tukafungua vibanio vya hozi kimoja kimoja, na chini ya kibanio kimoja hozi ilikuwa imegusa ncha ya chuma cha chesisi. Gari ikitikisika inasugua. Tundu dogo kuliko kucha ya mtoto, na kibanio chenyewe ndo kilichokuwa kinalificha. Tokea siku ile sijazi gari ya mtu kabla sijavua vibanio.

Safari hii mpe fundi masharti. Tundu lizibwe kwanza. Akitaka kupima kwa presha atumie naitrojeni kavu, hewa ya kompresa ya kujazia matairi inaingiza maji, na oksijeni ya kuchomelea ndo kabisa asiiguse, oksijeni yenye presha ikikutana na oili inaripuka. Halafu atie pampu ya vakyumu inyonye hewa yote, sindano ya geji ya presha ishuke karibu inchi 29 chini ya sifuri, ikae huko si chini ya dakika 45, kisha afunge vali asubiri kama robo saa. Sindano ikipanda, bado. Ikikaa palepale ndo gesi inaingia, na inapimwa kwa mizani kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari, si kwa kugusa bomba na kusema "ishakuwa baridi".

Na asikudanganye na geji gari ikiwa imezimwa. R134a, ndo gesi ya AC yenyewe, katika joto la digrii 30 inasoma karibu psi 97 (psi ni kipimo cha presha), iwe imejaa au imebakia robo, maadam kuna gesi ya maji maji ndani. Mizani ndo haisemi uongo.

Fundi habari za kazi. Gari yangu asubuhi kutoka mjini AC tamu, ikifika saa sita ninarudi na watalii kutoka Nungwi, nikiingia foleni tu inakata inapuliza joto. Nikipata njia nikikimbia inarudi. Gesi imepimwa iko sawa. (Dereva, Bububu)

Nzuri kaka. Umeshanipa jibu mwenyewe hapo uliposema ukikimbia inarudi. Kondensa yako haipumui.

Kwenye Coaster nyingi kondensa iko chini ubavuni, inakula matope ya masika, vumbi la kaskazi na mchanga wa pwani. Ukikimbia upepo wa njia unasaidia, ukisimama inategemea feni zake peke yake, na feni moja ikiwa imekufa presha ya upande wa juu (upande wa gesi inayotoka kompresa) inapanda mpaka swichi ya usalama inakata kompresa. Hiyo swichi inakuokoa. Yuko mtu kaiunganisha moja kwa moja kwa waya ili isikate, kaja kwangu na hozi iliyopasuka.

Jaribio la bure: gari ikiwa imesimama na AC imeshakata, mwagia kondensa ndoo ya maji safi polepole. Ikirudi baridi, usitafute kwengine. Kama una geji ndo utaona vizuri, upande wa juu katika joto letu uwe kati ya psi 200 na 260 hivi, na ukimwagia maji utaona sindano inashuka mbele ya macho yako.

Baada ya hapo angalia feni moja moja. Coaster za dizeli nyingi ni volti 24, na chumvi inakula waya wa ethi pale ulipofungwa kwenye bodi, kwa nje skurubu iko, ndani kutu tupu, feni inazunguka lakini kama feni ya msikitini umeme ukiwa mdogo. Pima volti kwenye plagi ya feni yenyewe huku inafanya kazi, si kwenye betri. Osha kondensa kwa maji ya mferejini kutokea ndani kuja nje, presha ndogo. Ile mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yote, vile vibati vyembamba vya kondensa, na mapezi yakilala ni sawa na kuziba kwa saruji.

Kama baada ya yote haya bado, tena inakata hata ukiwa unakimbia, hamia kwenye klachi ya kompresa, ile sumaku inayovuta sahani ishikane na puli. Nafasi baina ya sahani na puli iwe karibu nusu milimita. Ikilika inakuwa kubwa, asubuhi sumaku bado ina nguvu inavuta, mchana koili ishapata moto inashindwa, na mtu anaweza kuuziwa kompresa nzima kumbe ni kutoa washa moja nyembamba (ile pete ya chuma ya kuwekea nafasi).

Maji yanamdondokea abiria wa siti ya tatu. Jana yamemdondokea mgeni kwenye kamera. (Utingo, Mwanakwerekwe)

Mdogo wangu, hayo si maji ya gesi, ni unyevu wa hewa yetu tu unaogeuka maji juu ya evaporeta, na huku kwetu hewa ni nzito kwa hiyo maji ni mengi. Yana mpira wake wa kuyateremsha chini nje ya gari, umeziba kwa utelezi na vumbi. Vua mpira chini, puliza hewa kutokea chini kwenda juu lakini weka tambara kwenye sinia la kukingia maji chini ya evaporeta au utaoga wewe. Angalia pia kama mpira haujapindwa na spika za mziki mlizotia, mara nyingi ndo hizo. Na mlango ufungwe gari ikiwa inakwenda. Mnasimama mlangoni wazi huku AC inafanya kazi, yani mnataka kupoza Unguja nzima.

Shikamoo fundi. Mie nachukua abiria bandarini Mkoani mpaka Wete. AC inakuwa nzuri mpaka karibu na Chake halafu inaondoka. Nikizima nikashusha abiria nikasubiri, ikiwashwa inakuja tena kama haijafanya kitu. Mafundi watatu maneno matatu. (Dereva, Wete)

Marahaba mwanangu. Swali lako ndo zuri kuliko yote na nitalikalia kidogo, manake ni magonjwa mawili yanayofanana sura na dawa zake mbali mbali, ndo maana mafundi wamekupa maneno matatu (sijui la tatu lilikuwa nini).

Siku ikiondoka tena, kabla hujazima, weka mkono wako kwenye tundu la upepo. Upepo umepungua, umekuwa unatoka kwa shida? Au upepo ni ule ule wa nguvu ila umekuwa moto?

Ukiwa umepungua, evaporeta yako imeganda barafu. Baridi ipo, tena imezidi, imejenga ukuta hewa haipiti. Ushahidi wa pili ni kwamba ukisimama Wete maji yanamwagika chini mengi kuliko kawaida. Sababu mara nyingi ni filta ya hewa iliyo kwenye dari, ile inayovuta hewa kutoka ndani, imejaa vumbi na nyuzi za mabuibui na za mazulia. Ivue, ioshe kwa sabuni, ikauke kivulini, irudi. Ikiwa safi, angalia ile sensa iliyochomekwa kwenye evaporeta, kazi yake ni kuikata kompresa kabla ya kufika kuganda. Ikitoka pahala pake au ikafa haikati tena. Njiani ukikutwa na hili, zima AC bakisha feni peke yake kama robo saa, barafu inayayuka, unaendelea. Usipande milima ya huko kwenu na barafu kichwani bure.

Ukiwa upepo ni ule ule ila moto, basi yameingia maji ndani ya mfumo. Namaanisha ndani ya mabomba pamoja na gesi, si ya kudondoka. Tone moja likifika kwenye kile kitundu cha valvu linaganda na kuziba, gesi haipiti, baridi inakwisha. Ukizima linayayuka, kitundu kinafunguka, unasema imepona. Geji ya upande wa chini (upande wa gesi inayorudi kompresa) ndo inamtaja mwizi: ikifanya kazi vizuri inasoma psi 30 mpaka 40, ikiziba inashuka mpaka sifuri na kuzidi, inaingia vakyumu, kisha ghafla inarudi. Huo ugonjwa huja baada ya mtu kufungua mabomba na kujaza gesi bila ya kuvuta vakyumu, ama draya ni ya miaka na haina tena nafasi ya kunyonya maji. Dawa: gesi itolewe kwa mashine, draya mpya (isiachwe wazi juu ya benchi, inakunywa unyevu wa hewa), vakyumu ndefu saa nzima au zaidi, kisha gesi kwa mizani. Kuongeza gesi juu yake ni kumpa maji anayezama.

AC yetu ikiwashwa inanuka samaki. (Abiria, Darajani)

Wewe ni abiria, kwa hiyo mwambie dereva. Kikapu cha pweza kikikaa chini ya kile kichanja cha kuvutia hewa, harufu inazungushwa gari nzima na inaganda kwenye evaporeta yenye majimaji. Madumu na vikapu vikae nyuma, na dakika tano za mwisho kabla ya kupaki azime baridi aache feni, evaporeta ikauke, ukungu usiote.

Fundi, mwezi wa nne na wa tano wageni hakuna, naipaki basi. Nikiitoa AC imekufa kila mwaka. Halafu pana mtu ananiuzia gesi ya bei rahisi kwenye mtungi hauna jina, niitie? (Mwenye basi, Jambiani)

La pili kwanza: usitie. Mtungi hauna jina unaweza kuwa mchanganyiko, unaweza kuwa gesi inayowaka moto, na umekusudia kuizungusha juu ya vichwa vya watu 30. R134a yenyewe imo kwenye makubaliano ya Kigali ya 2016 ya kupunguza gesi hizi kidogo kidogo, kwa hiyo mitungi ya kubandikwa majina ya uongo haitoacha kuja. Kama basi lako ni la zamani sana la R12, gesi ya kizamani, usichanganye na R134a, oili zake hazisikilizani.

La kwanza, sili ya shafti inakaa hai kwa kuoshwa na oili. Gari ikilala miezi miwili sili inakauka inajikunja, siku unapowasha gesi inatoka hapo. Kila wiki, hata mvua ya masika ikinyesha, washa injini na AC kwa dakika kumi, na kabla ya kuipaki mwanzoni osha kondensa kwa maji matamu itoke chumvi. Ukiwa huko mbali mpe kijana funguo, na umwambie asiishie kusikiliza redio, aibonyeze na AC.