Siku moja ya mashua Pangani: maswali kutoka Dodoma na jirani

Maswali ya safari hii yanahusu kutoka mlango wa Mto Pangani kwa mashua ya tanga, kwenda fungu la mchanga la Maziwe na kurudi siku hiyohiyo.

Nina likizo ya siku mbili tu. Nikitoka Dodoma alfajiri nitawahi mashua? (Area C)

Hutawahi. Barabara ya Morogoro, Chalinze na Segera hadi Tanga mjini ni takriban kilomita 600, na Pangani iko kama kilomita 50 mbele. Treni ya SGR itakupunguzia uchovu hadi Morogoro, lakini kuanzia hapo ni basi. Tenga siku tatu: ya kwenda, ya bahari, ya kurudi.

Kabla ya kukata tiketi, tazama mwezi wa angani. Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti zamani, na kilitengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Mmomonyoko ulikimaliza, na sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya pwani hii hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku zenu: mnatoka saa moja na nusu au saa mbili, mnafika mchanga ukiwa wazi, mnaondoka kabla ya saa saba. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu: kupwa ni kidogo, tena kunaangukia kama saa kumi jioni, na mtarudi gizani. Wageni wengi huja tarehe waliyopewa likizo, wanakuta bahari tupu, kisha wanamlaumu nahodha.

Mwezi gani ni mzuri? (Kongwa)

Desemba hadi katikati ya Machi upepo ni wa kaskazi, na kwa kuwa Maziwe iko kusini-mashariki ya mji wa Pangani, unakusukuma wakati wa kwenda. Kuanzia Aprili inaingia masika, halafu kusi, upepo wa kusini. Juni hadi Agosti kusi ni kali: kwenda ni kupiga bisha, yaani kukata upepo kwa kupinda huku na huku, njia nzima au kuwasha injini, na maji huchafuka. Septemba hadi Novemba pia panafaa. Jioni ya kabla ya safari soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitaja mawimbi ya mita mbili, ahirisha.

Nimeambiwa mashua huruka sana pale mto unapoingia baharini. Kwa nini? (Manyoni)

Kwa sababu maji yanayopwa hutoka mtoni kwa kasi na kukutana uso kwa uso na mawimbi yanayosukumwa na upepo wa baharini. Wimbi linafupika na kusimama wima, tena juu ya mafungu ya mchanga ambapo kina ni kidogo. Asubuhi upepo ukiwa mdogo mtapita mkilowa kidogo tu. Mchana mnarudi na maji yanayojaa, mkondo na wimbi vinaelekea upande mmoja, na mlango unatulia. Nahodha anayetaka kuingia mtoni jioni, kusi ikivuma na maji yakitoka, mwulize sababu.

Hapo mlangoni angalieni pia rangi: maji ya udongo ya mto na kijani cha bahari hukaa bega kwa bega, na mpaka wake unaonekana wazi.

Sijui kuogelea. Nikague nini kabla ya kupanda? (Mpwapwa)

Anza na jaketi okozi: moja kwa kila mtu, la saizi yake, limevaliwa na kufungwa kabla ya nanga kung'olewa. Likiwa limekaliwa kama mto wa kiti, hesabu halipo. Uliza cheti cha ukaguzi cha chombo. Kisha chungulia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika. Mashua iliyokaa nchi kavu siku kadhaa mbao zake hukauka na kuachana, ikishushwa huvuja hadi zivimbe tena. Maji kidogo ni kawaida. Baharia akifua maji, yaani akiyachota na kuyamwaga nje, mfululizo mkiwa bado mmefunga, msipande. Iwepo injini ndogo, na mafuta ya kwenda na kurudi hata kama nia ni kutumia tanga.

Mkiwa safarini, hatari iko kwenye kugeuza tanga. Nahodha anageuza omo, yaani mbele ya chombo, kuupa upepo mgongo, demani (kamba ya kuvutia tanga) inalegezwa, tanga linapepea mbele, na foromali, mti unaobeba tanga, inasimamishwa ili ipite mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Kwa dakika hiyo kamba zinachapa na mti mzito unatembea juu ya vichwa. Kaa chini, katikati, usishike kamba yoyote. Akisema hamieni joshi, yaani upande unakotoka upepo, hamieni mmojammoja. Chombo hupinduka watu wakirundikana upande wa demani, yaani unakokwenda upepo.

Mke wangu hutapika hata kwenye basi. (Makulu)

Dawa ya kichefuchefu anywe saa moja kabla ya kupanda, si akishaanza kutapika. Kama ni mjamzito, aongee kwanza na mfamasia. Asipande na njaa: chapati kavu au kiazi cha kuchemsha kinatosha, supu yenye mafuta ingoje. Akae karibu na mlingoti, ambako mtikisiko ni mdogo, atazame upeo wa macho na aache simu.

Kisiwani kuna kivuli na chakula? Naweza kuokota makombe? (Kondoa)

Hakuna mti wala maji. Beba lita tatu kwa kila mtu, kofia na shati la mikono mirefu, maana mchanga mweupe unaunguza kutoka chini pia. Vaa viatu vya kuingilia majini, na buruta nyayo ili taa, samaki bapa mwenye mwiba, aliyejifukia mchangani akimbie. Makombe na matumbawe hayachukuliwi. Kiingilio cha hifadhi dai risiti ya serikali.

Maji ya Mtera nayo hufika Pangani? (Mtera)

Hapana. Bwawa la Mtera liko kwenye Ruaha Mkuu, nao hupita Kidatu, huingia Rufiji na kumwagikia delta iliyo mkabala na Mafia. Pangani hupata maji yake Kilimanjaro na Meru.