Barua kwa mwanangu: kuhusu ile theluji

Mwanangu,

Huku Newala hatujambo. Mvua zimeshika na palizi inatukimbiza, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Umeniuliza jambo zito. Mchungaji wa huko Ujerumani alihubiri kwamba theluji ni zawadi ya Mungu, mshukuru. Kesho yake wodini kwenu akaletwa bibi aliyeteleza kwenye barafu mlangoni pake, nyonga imevunjika. Unasema ulikuwa unamgeuza kitandani huku ukijiuliza utamshukuru Mungu vipi kwa kitu kilichomwangusha mtu wa miaka ile.

Imani yako haijapungua, usiogope. Yesu mwenyewe alipowaeleza wanafunzi wake siku za dhiki, katika Mathayo 24, aliwaambia waombe kukimbia kwao kusiwe wakati wa baridi. Kule kwao baridi huja pamoja na mvua, makorongo yanajaa maji, na mwenye mtoto mgongoni havuki. Hakuipamba kwa maneno matamu. Aliiona kuwa ni shida, akawaambia waombe isiwakute njiani.

Soma pia Zaburi ya 147. Mungu hutoa theluji kama sufu, kweli, lakini mistari haijasogea mbali mwandishi anauliza ni nani awezaye kusimama mbele ya baridi yake. Nadhani mhubiri wenu aliishia kwenye sufu.

Halafu kuna Ayubu, na hapa ndipo nilipokaa sana. Katika sura ya 37 kijana Elihu anaeleza kwamba Mungu huyaleta mawingu ama kwa kuadhibu, ama kwa ajili ya nchi, ama kwa rehema. Maneno mazuri, ila anamwambia mtu aliyekalia majivu. Mungu aliposema mwenyewe, sura inayofuata, alimuuliza Ayubu kama amewahi kuingia katika ghala za theluji. Basi. Hakumfafanulia ipi ilitoka kwa sababu gani. Kwa hiyo mtu akija kumwambia yule bibi kwamba nyonga yake ilivunjika ili ajifunze kitu, muulize ufunguo wa ghala aliupata wapi.

Wewe umekulia chini ya mikorosho, hili utalielewa upesi. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, mikorosho inachanua, na sisi wote tunaanza kuhesabu ada na mabati ambayo bado hatujanunua. Baridi hiyohiyo, na ukungu unaopanda asubuhi kutoka bonde la Ruvuma, ndiyo inayoleta ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, maua yakakauka kabla hayajashika korosho. Baba yako anaamka alfajiri kupulizia salfa upepo ukiwa umetulia, na Jumapili tunaomba msimu uwe mwema. Maua nayashukuru kwa sauti. Ubwiriunga sijawahi kuushukuru wala sina mpango huo; naupulizia. Sidhani Mungu amechukia.

Najua atatokea wa kukutajia Paulo, kwamba aliandika tushukuru kwa kila jambo. Ni kweli aliandika. Lakini Paulo huyohuyo, mzee, yumo kifungoni, anamwandikia Timotheo amletee lile joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Hakujilazimisha kuisifia baridi ya gerezani. Aliomba nguo. Mimi mstari huo wa joho naupenda kuliko mahubiri mengi niliyosikia, maana unaonyesha kwamba mtu anaweza kumtumaini Mungu na bado akatetemeka.

Mema yake yapo pia, na usiyanyime haki yake. Uliniandikia kwamba wakulima wa huko hupanda ngano kabla ya baridi, ikalala chini ya theluji, na kwamba ngano hiyo isipopigwa na baridi majuma kadhaa haitoi masuke. Tena theluji inaifunika isiunguzwe na upepo wa barafu. Isaya 55 inaitaja theluji pamoja na mvua, kwamba haviendi bure, vinampa mpanzi mbegu na mlaji mkate. Kwa hiyo ukila mkate asubuhi, hapo shukuru, na hutakuwa umemdanganya Mungu wala kumsaliti yule bibi wa wodini.

Umesema huko mwenye nyumba anatakiwa kuondoa theluji na kumwaga mchanga mbele ya nyumba yake. Sheria nzuri (ingekuwepo huku masika haya, tungefagiliana matope). Lakini bibi anayeishi peke yake anamwagaje mchanga asubuhi kabla hajateleza? Akikaribia kuruhusiwa, muulize kama anaye mtu. Kama hana, peleka neno kwa huyo mchungaji, vijana wa kanisani kwenu hawawezi kukosa nusu saa na koleo. Nahisi atakusikiliza, aliyehubiri theluji hatakataa kuizoa.

Na wewe acha kwenda zamu ya usiku na zile raba. Hela ya viatu vya baridi ipo, tumeuza korosho. Niandikie saizi yako, za huko nasikia namba zake ni tofauti na zetu.

Mama yako,
Newala