Barua kwa mwanangu: "Mgeni wako yuko wapi?"

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya kwanza jikoni moshi ukinitoa machozi, mara ya pili nimekaa kibarazani hapa Morogoro nikiutazama mlima Lupanga. Unasema Jumapili ile, ulipofika pale njia inapoanza kupanda, kijana mmoja alikuuliza, "Dada, mgeni wako yuko wapi?" Aliona begi mgongoni na viatu vya kupandia, akadhani umemleta mzungu. Ulipomwambia uko peke yako na umekuja kutembea tu, akacheka, akawaita wenzake waje wakuone. Ulipanda kama saa moja hivi, ukageuza. Sasa unaniuliza mimi niliyepanda milima hii peke yangu miaka yote ile: sikuwahi kujiona nimeingia mahali pasipo pangu?

Swali lako limeniuma, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nilipopangiwa shule ya kule mlimani mwaka 1986, barabara ya gari ilikuwa ikifika nusu ya njia, na masika ilikuwa kama haipo kabisa. Jumatatu nilitoka mjini saa kumi na moja alfajiri na tochi, nikafika shuleni kengele ya kwanza ikikaribia kupigwa. Ijumaa jioni nikashuka. Nilikuwa peke yangu, mvua au jua, na hakuna mtu aliyeona kwamba mwalimu anafanya jambo la ajabu. Ilikuwa njia ya kwenda kazini.

Tena sikuwa peke yangu kwa maana unayoifikiria wewe. Alfajiri hiyo hiyo nilipishana na akina mama wakishuka sokoni na mabeseni kichwani, kabichi, karoti, vitunguu vya majani, na msimu wake ukifika, stroberi zilizofunikwa kwa majani ya mgomba. Wapo waliofuatana watatu wanne, na wapo waliotembea wenyewe kabisa, kimya, shingo imetulia chini ya mzigo ambao mimi nisingeuinua. Siku moja baada ya mvua nilianguka mara mbili mbele ya mmoja wao. Ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Akatua beseni lake, akanionyesha: usikanyage katikati ya njia palipong'aa, kanyaga ukingoni penye majani, mguu uulaze kwa upande, kisigino kitangulie kuzama, goti lisikaze. Alirudia mara tatu, polepole, miguu mitupu, vidole vimeshika ardhi kama mkono unavyoshika mpini. Nilijifunza kutembea upya nikiwa na miaka ishirini na sita. Mpaka leo nikiona njia imelowa, goti langu linalegea lenyewe.

Hao ndio walioujua mlima, mwanangu. Ukisikia kazini kwenu wanasema kupanda milima ni mambo ya wazungu, wakumbuke hao na mabeseni yao.

Sasa nikusimulie siku niliyopotea, maana sijawahi kukwambia. Nilikuwa nimeshazoea, nikajiona bingwa. Jumamosi moja, badala ya kushuka nyumbani, nikaamua niende mpaka kilele cha Bondwa, kwenye minara ya mawasiliano. Nilichelewa kuondoka, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Saa nane mchana ukungu ukashuka. Mjini tunauona kama kofia nyeupe juu ya mlima na tunasema unapendeza. Ukiwa ndani yake huoni mkono wako ukiunyoosha. Nikapoteza njia. Nikasikia kijito, nikajiambia maji huenda kwa watu, nikakifuata. Kosa la pili. Vijito vya milima hii ya Uluguru havishuki kwa upole. Nilikuwa nimeshika mzizi, mguu ukitafuta pa kukanyaga, nikagundua mbele yangu sauti ya maji iko chini, mbali sana, na hapo nilipo ni ukingo wa maporomoko.

Nikarudi nyuma hatua chache nikakaa. Nilijifunga khanga zote mbili mabegani. Siafu wakanipata, nikahama, nikakaa tena. Niliogopa, sikufichi, nikaomba kila dua ninayoijua. Ikapita saa nzima, labda zaidi. Halafu nikasikia: du, du... du, du. Mchi kwenye kinu. Nikasikiliza vizuri, michi miwili inapokezana, maana yake wanawake wawili, maana yake nyumba na moto jikoni. Ukungu ulipofunguka kidogo nikaenda kwa upande, sio chini, nikiifuata ile sauti, na nikatokea kwenye migomba ya watu.

Mama mwenye nyumba alinitazama nilivyolowa, na hakuniuliza nilikuwa natafuta nini huko. Aliniuliza, "Wewe wa nani?" Nikamtajia mama yangu, na bibi yangu, na ukoo wetu. Akatikisa kichwa kwamba amenipata, akanipa uji, akamtuma mwanawe anisindikize mpaka njia kubwa.

Nimelifikiria swali hilo kila ninapoukumbuka ujumbe wako. Kijana yule amekuuliza mgeni wako yuko wapi, kwa sababu siku hizi anayepita pale na begi kubwa kwa kawaida ni mgeni, na yeye anatafuta riziki yake hapo. Usimchukie. Lakini wewe unalo jibu la lile swali la zamani. Sisi Waluguru, ukoo na ardhi vinapita kwa mama. Bibi yako alinisimulia jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye milima hii, na jinsi walivyokataa mwaka 1955 hadi mpango ule ukafa. Alikuwa binti tu wakati huo, na hadi anafariki alilisimulia kwa sauti ya juu, kana kwamba limetokea jana. Huwezi kuwa mgeni mahali ambapo bibi yako alipasemea namna hiyo. Na hayo maji unayofungua bombani huko Dar, ya Mto Ruvu, yanaanzia huku huku. Umeyanywa miaka tisa sasa.

Ila nisikudanganye kwamba ni suala la damu peke yake. Mwalimu mwenzangu alitoka Bukoba, hakuwa na shangazi wala mjomba huku. Mwaka wa kwanza alilia kila Jumatatu. Mwaka wa tatu alikuwa anajua mti gani umeanguka wapi na nani amejifungua, akipita watu wanamwita kwa jina. Aliupata mlima kwa miguu yake na kwa salamu zake. Wewe pia itabidi uupate hivyo. Saa moja ya Jumapili moja haitoshi, hata uwe mjukuu wa nani.

Na kuna jambo jingine. Baba yako alipofariki mwaka 2003, wewe ulikuwa mdogo, na kila Jumamosi niliwaaga nikasema naenda shamba. Sikuwa naenda shamba. Nilikuwa napanda mpaka msitu unapoanza, nakaa. Nyumbani kulikuwa na watu, kila mtu ananiambia nijikaze kwa ajili ya watoto. Kule hakuna aliyeniambia nijikaze. Kuna ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua, tunamwita chozi, na Uluguru kuna aina yake moja isiyopatikana popote pengine duniani. Alikuwa anakuja karibu sana nikiwa nimetulia. Nililia nikamaliza, nikafuta uso, nikashuka, nikawapikia. Ndiyo maana ulipoandika kwamba ukiwa porini mwenyewe unahisi umerudi kwako, nilikuelewa kabla sijamaliza sentensi.

Kwa hiyo usiache. Lakini usiende kama ulivyokwenda, bila mtu yeyote kujua. Ninachokiogopa mimi, zaidi ya kifutu, ni watu wabaya wa pale pembezoni mwa mji, na mwanamke peke yake wanamwona mapema. Niambie mimi unapita njia gani na unarudi saa ngapi. Anza alfajiri, saa sita mchana uwe umeshageuza, ukungu ukukute unashuka. Msalimie kila unayepishana naye, simama kabisa umsalimie, ili ukichelewa awepo wa kusema, "Nilimwona, alipita hapa." Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, kwa hiyo pita ofisi ya misitu uchukue kibali na uwaulize utaratibu. Na ukipotea, kaa. Usifuate maji.

Kugeuza sio aibu, nimegeuza mara nyingi kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya tumbo, mara moja kwa sababu tu moyo ulikataa. Ila usigeuze kwa sababu ya kicheko cha mtu.

Njoo Ijumaa hii kwa treni ya jioni. Lupanga tuuache kwanza, twende upande wa Bondwa. Magoti yangu siku hizi yanaishia Morningside, kwa hiyo nitakusindikiza mpaka pale kwenye jengo la zamani la Wajerumani, na kuna akina mama wawili watatu njiani nataka wakuone sura. Wakikuuliza wewe wa nani, usiniangalie mimi, jibu mwenyewe. Kutoka Morningside utaendelea peke yako. Mimi nitakaa pale na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha mpaka utakaporudi.

Lete soksi nene. Za kwangu zimetoboka.

Mama yako