Mpango wa Madeni Unapovunjika: Majibu kwa Wasomaji Wanaoelekea Kwenye Ufilisi

Barua nilizopokea safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi England, na zote zinahusu mpango wa kisheria wa kulipa madeni kwa awamu, ambao huku kila mtu huuita IVA. Mpango huo ulianzishwa na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1986, na kwa kawaida hudumu miaka mitano au sita. Wasomaji wanauliza wafanye nini unapowashinda na ufilisi unapoanza kuonekana kuwa ndio njia iliyobaki. Majibu yangu yanahusu England na Wales peke yake, kwa kuwa Scotland na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu zangu za usiku zimepunguzwa na nimekosa marejesho ya miezi miwili. Kaka yangu yuko tayari kunikopesha ili mpango usivunjike. Nikubali?

Nakusihi usikubali kabla hujazungumza na msimamizi wa mpango wako. Mkopo wa kaka ni deni jipya lililo nje ya mpango, na mipango mingi inakataza kukopa bila ruhusa. Swali la kwanza ni kama zamu zitarudi. Ikiwa zitarudi baada ya muda mfupi, omba mapumziko ya malipo. Ikiwa kipato kimeshuka moja kwa moja, omba kiasi cha marejesho kipunguzwe, na uambatanishe hati za mshahara kama ushahidi. Mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wadai, kama ilivyokuwa mwanzoni, ambapo mpango ulihitaji kukubaliwa na wenye angalau asilimia 75 ya thamani ya madeni ya waliopiga kura.

Wadai wakikataa na malimbikizo yakaendelea, msimamizi atakupa notisi ya kukiuka masharti, kisha atatoa cheti cha kuvunjika kwa mpango. Hapa watu wengi huchanganyikiwa, nami nataka uelewe vizuri: kuvunjika kwa mpango hakukufanyi muflisi papo hapo. Kunawarudishia wadai haki ya kukudai, na mdai anayekudai pauni 5,000 au zaidi bila dhamana anaweza kuiomba mahakama ikutangaze muflisi. Msimamizi naye ana haki hiyo ikiwa umekiuka masharti. Kwa hiyo kipindi hicho ni cha kuamua mwenyewe, ukiwa na mshauri wa madeni asiyetoza ada, wala si cha kusubiri barua. Nimekaa na watu waliokuwa wakijinyima chakula ili kuuhifadhi mpango ambao hesabu zake zilikwisha kufa, na ninaumia kila ninapokumbuka miezi waliyoipoteza.

Nimelipa pauni 150 kila mwezi kwa miaka miwili. Mpango ukivunjika, fedha hizo zimepotea?

Umetoa pauni 3,600, lakini deni lako halitakuwa limepungua kwa kiasi hicho, kwa sababu ada za msimamizi hukatwa humo humo, na aghalabu hukatwa mapema. Kilichogawiwa kwa wadai hupunguza deni, ila wao wanaweza kudai salio lote, pamoja na riba pale mikataba yao inaporuhusu. Omba taarifa ya maandishi inayoonyesha kilichopokelewa, kilichokatwa na alicholipwa kila mdai, maana utaihitaji unapojaza maombi ya ufilisi.

Nina kiwanja Tanga nilichokinunua kabla ya madeni haya. Dada yangu ananishauri nikiandikishe kwa jina la mama kabla sijaomba ufilisi. Ni sawa?

Si sawa, na katika barua zote hii ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Mali ya muflisi kwa sheria ya huku ni mali iliyoko popote duniani, na fomu ya maombi inauliza waziwazi kuhusu mali ya nje. Ukimpa mama kiwanja bure, mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya muflisi, anaweza kurudi nyuma hadi miaka mitano na kuiomba mahakama ibatilishe utoaji huo. Kuficha mali au kuihamisha kwa nia ya kuwakwepa wadai ni kosa la jinai. Zaidi ya hayo, muda wa kawaida wa kuwa muflisi ni miezi 12, lakini mtu aliyefanya udanganyifu anaweza kuwekewa vikwazo vya kati ya miaka miwili na 15. Mama naye ataingizwa katika kesi asiyoijua, jambo ambalo naamini hulitaki.

Kitaje kiwanja, na utafute tathmini ya kweli ya bei yake. Kukiuza kutoka mbali kuna gharama, na mara nyingine mfilisi huona ni afadhali ndugu wakinunue kwa bei hiyo ya tathmini. Ikiwa ardhi ni ya ukoo na wewe una fungu tu, eleza hivyo hivyo. Na kama hukukitaja ulipoingia kwenye mpango, mweleze mshauri wako leo, kwa sababu kutokitaja kunaweza kuwa ukiukaji tosha wa masharti.

Nimesikia kuomba ufilisi kunagharimu pauni 680. Mtu aliyefilisika azitoe wapi?

Kiasi ni hicho kweli. Maombi hufanywa kwenye intaneti bila kwenda mahakamani, na ada unaweza kuilipa kidogo kidogo, ila ni lazima ikamilike kabla hujayawasilisha. Uliza kwanza kuhusu amri ya kufutiwa madeni inayoitwa DRO. Tangu Aprili 2024 haina ada, na tangu Juni mwaka huo inamfaa mwenye madeni yasiyozidi pauni 50,000, mali isiyozidi pauni 2,000, na asiyebakiwa na zaidi ya pauni 75 kwa mwezi baada ya matumizi ya lazima. Gari la hadi pauni 4,000 haliingizwi katika hesabu hiyo ya mali. Huwezi kuipata ukiwa bado ndani ya IVA, kwa hiyo mpango lazima uvunjwe rasmi kwanza. Kiwanja cha nyumbani nacho huhesabiwa.

Je, nimalize kwanza deni la rafiki yangu wa kikundi cha upatu, ambaye aliniamini bila karatasi?

Naelewa aibu unayoiona, lakini mwandike katika orodha kama mdai mwingine yeyote. Ukimlipa yeye kwa kumpendelea huku wengine wakikosa, malipo ya miezi sita iliyopita yanaweza kudaiwa kwake. Kwa ndugu wa karibu ni miaka miwili.

Mkopo mmoja tulikopa pamoja na mume wangu. Nikitangazwa muflisi mimi, naye anaokoka?

Haokoki. Wewe utaachiliwa wajibu wako, lakini mkopeshaji atamdai yeye salio lote, kwa hiyo mweleze kabla hujatuma maombi. Hata usipomweleza anaweza kukuta jina lako, kwani ufilisi huingizwa katika daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulitafuta kwenye intaneti. Ikiwa baada ya matumizi ya lazima unabakiwa na ziada, unaweza kutakiwa kuichangia kwa miaka mitatu, na hesabu ya ziada hiyo itazingatia mume wako anachangia kiasi gani katika kodi ya nyumba na chakula. Kaeni pamoja na hati za mshahara wa kila mmoja mkaifanye hesabu hiyo kabla mfilisi hajaiuliza.