Madoa Meupe, Chura na Maswali Mengine ya Majini

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wafugaji wa samaki, na karibu zote zinauliza dawa. Tutafika kwenye dawa, ila itabidi mnivumilie nianze na maji.

Sato wangu kwenye tangi wametoka vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, na wanajikuna ukutani. Niliweka dawa, vikapungua, sasa vimerudi maradufu. Je, niliuziwa dawa feki? (Mfugaji, Njombe)

Huenda dawa ni nzima kabisa, ndugu yangu. Dalili hizo ni za ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea wa seli moja aitwaye *Ichthyophthirius multifiliis*. Kwa kiumbe wa seli moja huyu ni pandikizi: akishiba hufikia karibu milimita moja, ndiyo maana unamwona bila hadubini. Kile kidoa ni yeye mwenyewe, amejichimbia chini ya ngozi ya juu ya samaki, anazunguka humo akila seli. Akiwa huko, dawa uliyomimina majini haimpati.

Akishiba hutoka, hushuka chini, hujishikiza kwenye changarawe au ukuta wa tangi na kujifunika ganda. Humo hujigawa: wawili, wanne, wanane, mpaka mamia, pengine hata elfu. Watoto hao wakitoka huogelea kutafuta samaki, na wana siku moja au mbili tu, wakimkosa, wanakufa. Hapo ndipo dawa inapofanya kazi. Vile vidoa ulivyoona vimepungua, inaelekea vimelea walikuwa wameshiba, wakashuka kuzaa.

Kwa hiyo matibabu lazima yavuke mzunguko mzima. Maji yakiwa nyuzi 25 hivi, mzunguko huisha kwa siku chache. Kwenye baridi ya kwenu unaweza kuvuta wiki kadhaa, na wengi hukata tamaa katikati. Weka chumvi ya kawaida kilo 3 kwa kila lita 1,000 na uidumishe: kila ukibadilisha maji, rudisha chumvi uliyoitoa. Nyonya uchafu wa chini kila siku, maana humo ndimo kuna maganda. Ukishawishiwa ununue ile rangi ya kijani iitwayo malakaiti, kataa. Inashukiwa kusababisha saratani, na Ulaya na Marekani wamepiga marufuku kuitumia kwa samaki wa kuliwa.

Mimi nina bwawa la udongo, mita 10 kwa 20, kina mita moja. Nami niweke chumvi? (Mama mfugaji, Kisumu)

Piga hesabu kwanza, mama. Bwawa lako linabeba lita 200,000, kwa kipimo hicho ni kilo 600 za chumvi, na itabaki kwenye udongo wako. Mimi nisingefanya hivyo. Punguza msongamano, ingiza maji safi, toa waliokufa haraka. Samaki akinusurika madoa meupe hupata kinga, hivyo si lazima wote wafe. Ukishavuna, kausha bwawa mpaka udongo upasuke, kisha mwaga chokaa. Kimelea huyu hastahimili ukavu.

Vifaranga vyangu vinakufa bila kidoa chochote. Afisa uvuvi aliweka ute kwenye hadubini akasema ni "trikodina". Ni nini hiyo? (Mwanza)

Umebahatika kupata afisa mwenye hadubini. Trikodina ni kiumbe wa seli moja, bapa na mviringo, mwenye pete ya meno upande wa chini. Hujizungusha juu ya ngozi na matamvua ya samaki. Chakula chake hasa ni bakteria na mabaki yaliyomo majini, kwa hiyo wachache hawadhuru. Tatizo huja maji yakichafuka na samaki wakabanana: wanazaliana mno, wanakwangua matamvua, na kifaranga anashindwa kupumua. Utaona vinakuja juu kuhema. Chumvi husaidia, lakini ukiendelea kumwaga pumba zisizoliwa watarudi wiki ijayo.

Samaki mwenye vimelea hivi analiwa? (Wengi mmeuliza)

Hivi viwili haviambukizi binadamu. Mpike vizuri. Aliyekufa mwenyewe bwawani, au aliyetiwa dawa juzi, mwache.

Shuleni tulipasua chura, na mwisho wa utumbo wake tukaona kwa hadubini viumbe bapa wengi wanaogelea. Ndio waliomuua? (Mwanafunzi, Morogoro)

Aliyemuua ni mwalimu wako! Mliowaona nadhani ni opalina. Kila mmoja ni seli moja yenye viini vingi, hana mdomo, hufyonza chakula kupitia ngozi yake, na kwa kawaida hamdhuru chura. Kinachonivutia zaidi ni uzazi wao. Msimu wa chura kutaga ukifika, homoni za mwenyeji huwaamsha nao watengeneze maganda, yanatoka na choo, na viluwiluwi huyameza. Mwakani mkipata nafasi, angalieni na damu. Mwaka 1843, huko Paris, David Gruby alieleza kimelea aliyemwona kwenye damu ya chura na kumpa jina *Trypanosoma*. Ndugu wa huyo ndiye aletaye malale kwetu kupitia mbung'o. Wa chura huenezwa na ruba.

Na vyura wa Kihansi, waliuawa na vimelea wa namna hii? (Iringa)

Hapana, ingawa ugonjwa ulihusishwa. Chura wa Kihansi, anayezaa watoto badala ya kutaga, aligunduliwa 1996 kwenye bonde la mto Kihansi, Tanzania. Bwawa la umeme lilipochukua maji mengi ya maporomoko, manyunyu aliyoyategemea yakapungua. Mwaka 2003 idadi yake iliporomoka ghafla, na kwa vyura waliokufa ikakutwa kuvu aina ya kitridi. Kuvu si jamii moja na vimelea wa hapo juu, ila mbegu yake ni seli moja yenye mkia, inayoogelea kutafuta ngozi ya chura. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliozalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, walianza kurudishwa bondeni 2012. Kuvu hiyo hufa ikikauka, kwa hiyo ukitoka kwenye mto mmoja kwenda mwingine, osha buti zako na uzianike jua zikauke kabisa.