Re: Bushi za difu kwenye Silvia S14, raba au aluminiamu?

Habari ndugu. Umeuliza ufunge bushi (vishikizo vya difu, yaani sanduku la gia za magurudumu ya nyuma, kwenye fremu) za aluminiamu au urudishe za raba, kwa kuwa Nissan Silvia yako uliyoiongezea nguvu inagonga nyuma kila ukikanyaga mafuta.

Usinunue kitu bado. Weka gari juu ya stendi, penyeza mtaimbo mdogo kati ya difu na fremu yake, uinue. Difu ikipanda na raba ikafunua mpasuko, mgonjwa umempata. Ikitulia, zungusha propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, kwa mkono. Krosi (viungo vya propela) zilizochoka hugonga vilevile.

Gari langu la mashindano ya Busiika, kule Uganda, lina aluminiamu. Difu haitikisiki, magurudumu hayarukiruki wakati wa kuondoka, ila barabara ya Entebbe gia zinalia ndani kama kinu cha posho. Mke wangu halipandi.

La kwako ni la kwenda kazini, basi funga raba mpya. Ukitaka ugumu kidogo, poliyurethani (plastiki ngumu kuliko raba), uipake grisi ya silikoni isije ikalialia. Usichanganye aluminiamu upande mmoja na raba upande wa pili, maana ile ngumu hubeba karibu mzigo wote.

Na bushi zinazoshika fremu yenyewe kwenye bodi ulizitazama? Zikiwa zimekwisha, difu itacheza tu.