Kibodi mpya ikigoma: kwa vijana mnaoanza fildi ya tehama Dodoma

Kijana wa fildi akiripoti kitengo cha tehama, kazi yake ya kwanza mara nyingi si sava wala mtandao. Anakabidhiwa kibodi mpya ndani ya boksi na kuambiwa, "Mpelekee mama wa masijala, ile yake imekufa." Anaondoka kwa madaha, kazi ya kuchomeka tu. Ukipita baadaye unamkuta bado yuko chini ya meza, jasho linamtoka, mama wa masijala kasimama mikono kiunoni na majalada yamerundikana.

Iwe umepangiwa wizarani Mtumba, halmashauri ya Bahi au umeshika kazi kwenye steshenari jirani na chuo, siku hiyo itakufika. Ikifika, usikimbilie kusema kibodi ni mbovu, na tafadhali sana usianze kuzungumzia kupiga Windows upya. Kibodi mpya kabisa kuwa mbovu hutokea, lakini ni jambo la mwisho la kufikiria.

Mtumiaji atakwambia, "Haifanyi kazi." Usiridhike na jibu hilo. Muulize kwa adabu, "Mama, ukibonyeza inatokea nini?" Kutoandika kabisa ni tatizo moja, kuandika alama nyingine ni tatizo jingine, na kuandika kwa kusuasua ni la tatu. Ukiyachanganya utahangaika mchana kutwa.

Kama haiandiki kabisa, bonyeza Caps Lock uangalie taa yake ndogo. Wengi hudhani taa ile inawashwa na kibodi yenyewe. Sivyo. Unapobonyeza, kibodi inaipelekea kompyuta taarifa, halafu kompyuta ndiyo inayorudisha amri ya kuwasha au kuzima taa. Kwa hiyo taa ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mawasiliano yapo kwenda na kurudi. Kagua programu iliyofunguka au mahali kishale kilipo. Taa zikimulika mara moja tu wakati wa kuchomeka kisha kimya, umeme unafika ila kompyuta haijaisikia kibodi. Zisipomulika hata kidogo, rudi kwenye waya na poti. Tahadhari tu: kibodi nyingi zisizo na waya hazina taa hiyo, kwa hiyo kipimo hiki ni cha zenye waya.

Sasa huko chini ya meza. Lile boksi tunaloliita CPU limegeuzwa mgongo ukutani, nawe unapapasa nyuma gizani. Kichwa cha USB kinaingia vizuri kabisa kwenye tundu la waya wa mtandao. Kinaingia, kinakaa, hata mkono unakwambia umepatia. Kompyuta haitasema lolote. Washa tochi ya simu uone kwa macho yako, usiamini vidole.

Poti za mbele nazo zina mambo yake. Kiangazi cha Dodoma kila mtu anakijua, upepo wa Agosti unaingiza vumbi mpaka kwenye droo iliyofungwa, sembuse tundu lililo wazi karibu na sakafu. Tena kuna kompyuta zilizowahi kufunguliwa na fundi kwa ajili ya kusafishwa, na waya mdogo wa ndani unaolisha poti za mbele haukurudishwa. Poti inaonekana nzima, kumbe haijaunganishwa popote. Ndiyo maana majaribio ya kweli yanafanyika nyuma. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja: kwanza poti, kibodi ile ile; kisha kompyuta nyingine, kibodi ile ile. Ikiandika kwenye kompyuta ya jirani, kibodi umeshaiondolea lawama.

Ukikuta kibodi inaandika kwenye skrini za mwanzo kabla Windows haijawaka, halafu Windows ikifunguka inakufa, uliza ni Windows gani. Windows 7 ilitoka 2009, lakini haikuja na draiva, yaani programu ya kuiwezesha kutumia kifaa, za USB 3.0, zile poti za bluu. Kwenye mashine za enzi hizo, hamishia kibodi kwenye poti nyeusi, uache zile za bluu. Kwenye mashine nyingi za kuanzia 2015 hivi hata rangi haitakusaidia. Hapo kibodi ya PS/2, kama tundu lake lipo, ndiyo itakayokuingiza ndani uweke draiva. Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, lakini bado utaikuta, hasa ukipelekwa wilayani.

PS/2 ni lile tundu la duara la zambarau, lilianza na kompyuta za IBM mwaka 1987. Zambarau ni la kibodi, kijani ni la mausi. Hili halichomekwi kompyuta ikiwa imewaka. Zima kwanza, chomeka, ndipo uwashe. Usilazimishe pia, pini zake sita ni nyembamba na zikipinda utazinyoosha kwa sindano huku unasali. Kuhusu zile adapta ndogo za kugeuza USB kuwa PS/2, zinafaa tu kwa kibodi iliyotengenezwa kuelewa lugha zote mbili, na kibodi nyingi za siku hizi hazimo. Usimnunulishe mtu adapta kabla hujajaribu.

Tatizo linalonichosha kuliko yote ni la alama. Dada wa steshenari amenunua kibodi mpya, inaandika vizuri, mteja kaja kujaziwa maombi kwenye Ajira Portal. Anabonyeza Shift na 2 apate @ ya barua pepe, zinatoka alama za kufungua na kufunga semi. Anabonyeza Shift na 3, inatoka alama ya pauni. Mteja anaangalia saa, foleni inarefuka, na dada ameshaamua ameuziwa feki.

Hajauziwa feki. Kibodi haitumi herufi, inatuma namba ya kitufe kilichobonyezwa. Kompyuta ndiyo inayoamua namba hiyo ni herufi gani, kwa kufuata mpangilio uliowekwa kwenye Windows. Hapa kibodi imechapwa kwa mpangilio wa Marekani, Windows imewekwa ya Uingereza. Angalia pembeni mwa saa chini kulia, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha kuachia nafasi ili kubadilisha. Kama mpangilio wa Marekani haumo, uongeze kwenye mipangilio ya lugha, halafu uufute ule usiotumika, la sivyo kesho mtu atagusa Alt na Shift bila kujua na utapigiwa simu tena.

Mpangilio huohuo unaficha mtego mwingine. Kibodi ya Uingereza ina kitufe cha ziada kati ya Shift ya kushoto na Z, na mkwaju wa kinyume (\) unakaa hapo. Ya Marekani haina kitufe hicho. Ina mkwaju wake karibu na Enter, lakini ukiubonyeza Windows ikiwa ya Uingereza inatoka #. Afisa anayehitaji kuandika anwani ya folda ya pamoja, inayoanza na mikwaju miwili ya kinyume, ataitafuta kibodi nzima asiipate.

Nywila nayo huumia hapohapo, kwa sababu haionekani. Mtu ana @ kwenye nywila yake, anaiandika kama siku zote, anakataliwa, anarudia, akaunti inafungwa. Mwonyeshe alama ya jicho abonyeze aone alichoandika. Kwa mhasibu, angalia Num Lock kwanza. Yeye namba zote anazipiga upande wa kulia.

Kuandika kwa kusuasua, kwamba lazima ushikilie kitufe ndipo herufi itoke, kuna chanzo ambacho wengi hawakifikirii. Shift ya kulia ikishikiliwa sekunde 8, Windows huleta huduma ya kuchuja vibonyezo, na mtu akikubali ujumbe bila kusoma inawashwa. Masijala ndiko inakotokea sana, jalada zito limelalia pembe ya kibodi. Shikilia tena sekunde 8 izime, kisha omba majalada yahamishwe.

Zisizo na waya sitazisemea sana, sizipendi maofisini. Risiva yake, kile kidude cha USB cha kuchomeka kwenye kompyuta, mara nyingi imefichwa ndani ya kifuniko cha betri, na mtu ameshatupa boksi akidhani haikuja nayo. Toa kile kiplastiki kwenye betri, washa swichi ya chini. Ikikatakata, iondoe risiva kwenye poti ya bluu nyuma ya CPU; USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz ambayo kibodi hizo hutumia. Ya Bluetooth ikikuonyesha tarakimu kwenye skrini, ziandike kwa kibodi hiyo mpya na umalize na Enter. Wengi hukaa wanasubiri.

Ukitumwa dukani, omba waichomeke mbele yako kabla hujalipa, ujaribu kila kitufe, maana bango la mali ikishauzwa hairudishwi liko ukutani. Dai risiti ya EFD, na boksi lisichanwe. Na ukipewa safari ya Kongwa au Mpwapwa, weka kwenye begi kibodi yako ya waya ya USB unayoijua ni nzima, na moja ya PS/2 kama stoo wanayo. Duka la kuazima hutalikuta kila mahali, na dereva anataka kurudi mjini kabla ya giza.